Ukurasa Uliokunjwa

Mwalimu Nanuli aligawa madaftari siku ya Jumatatu,
ishirini na matatu, ya bei ya chini,
karatasi nyembamba: ukiandika upande huu
wino hujitokeza upande wa pili kama mishipa.
Akasema: Dakika kumi kila asubuhi, kabla ya hesabu.
Sisahihishi. Sitoi alama.
Ukitaka nisome, acha ukurasa wazi.
Usipotaka, ukunje katikati,
nami nitaupita
kama mtu apitavyo mlango wa chumba cha wenyewe.
Na kama kuna jambo ambalo karatasi haiwezi kulibeba peke yake,
nigongee, hata usiku.

Nje, mji wa mgodi ulikuwa unakohoa.
Vijumba vya chuma vilining'inia kwenye waya juu ya bonde,
vikiwashusha akina baba wa zamu ya usiku.
Theluji iliyoanguka nyeupe saa kumi na moja
ilikuwa ya kijivu kufikia saa mbili.

Wiki ya kwanza walimwandikia uongo mzuri.
Paka. Mvua. Mama mpendwa.
Otia alichora kifaru cha vita, akakitia miguu ya kuku.
Pikria, yaani Fikira kwa lugha ya kwao,
aliandika neno moja, Sijui,
Sijui, Sijui,
na herufi zao zile za mviringo, zijikunjazo kama ncha za mzabibu,
zikautambaa ukurasa mpaka pembeni.
Mwalimu alizihesabu: arobaini na moja.
Chini yake akaandika: Nimefika nawe mpaka mwisho.

Bachana alikunja.
Alikunja Jumanne, alikunja Jumatano,
akapitisha ukucha mara mbili juu ya mkunjo
kama fundi nguo anayelaza pindo.
Novemba nzima. Desemba.
Daftari likanenepa upande mmoja
kama shavu la mwenye jino bovu.

Usiku, jikoni kwake, kuni zikitatarika,
Nanuli alilitazama daftari hilo mpaka chai ikapoa.
Anajua kaka yake kijana huyu
aliingia shimo namba nne mwezi wa Septemba.
Anajua kwamba nyumbani kwao jina hilo halitajwi mezani.
Anajua mtoto halali.
Ukucha mmoja tu. Nani angejua?

Kwetu husemwa, mficha maradhi kilio kitamfichua.
Sawa.
Lakini hakuna aliyesema kilio kivunjiwe mlango.

Hakufungua.
Alitoa daftari la ishirini na nne, lake mwenyewe,
akaandika lile ambalo hata dada yake halijui,
akafuta, akaandika tena,
akakunja.
Asubuhi akaliweka juu ya rundo, mbele ya wote.
Bachana aliliona.
Aliliinua kwa mikono miwili, akalipima uzito,
akalirudisha palepale.

Siwezi kusema daftari lilimponya.
Januari aligonga mara moja, usiku, bila koti,
wakakaa jikoni hawakuzungumza,
akala mkate nusu, akasindikizwa kwao.
Kesho yake Nanuli alikwenda kwa mama yake,
na wote watatu wakapanda waya
kwenda kwa daktari wa ng'ambo ya bonde.
Asubuhi zilizofuata, mtoto alikunja kama kawaida.

Kisha Februari, siku ya Alhamisi,
katikati ya kurasa zote zile zilizolala zimefumba macho,
mmoja ulikuwa wazi.
Mstari mmoja, mwandiko mdogo, hauna nukta:

Leo soksi za kaka zimenitosha

Mwalimu alikaa na mstari ule hadi kengele ikalia.
Maneno ya hekima yalimjia, akayaacha yapite.
Akaandika: Zina joto?

Na Ijumaa, wazi tena:
Moja ina tundu.